Mrehani wa nyumbani: uanze na mbegu, tawi au mche wa dukani?

Mrehani hauishi sana. Ukishachanua na kukomaza mbegu, shina lake hugeuka gumu kama kuni, majani hudogoka na ladha huanza kuelekea uchungu. Hata ukiutunza na kuukata vilele kwa bidii, mmea mmoja hukupa majani mazuri kwa miezi michache, kisha huchoka. Kwa hiyo swali la kuanza na nini halijibiwi mara moja likaisha. Litarudi kila unapohitaji mmea mwingine, na safari hii unaweza kuchagua njia tofauti na ile iliyopita.

Njia zenyewe ni tatu: kusia mbegu, kukata tawi la mrehani ulio hai na kuliotesha mizizi, au kununua chungu chenye miche iliyokwisha kukua. (Tunazungumzia mrehani wa jikoni, Ocimum basilicum, unaoitwa pia mrihani. Kivumbasi ni ndugu yake, lakini harufu na ladha yake ni kali kwa namna nyingine.)

| | Mbegu | Tawi | Mche wa dukani |
|---|---|---|---|
| Mchumo wa kwanza | wiki 6–8 | wiki 4–5 | siku hiyohiyo, kwa kiasi |
| Idadi ya mimea | utakavyo | kadiri ya matawi uliyopata | rundo moja, hugawanyika 3 au 4 |
| Kuchagua aina | uhuru mkubwa | ile tu unayoikuta hai | mara nyingi aina moja ya majani mapana |
| Wakati wa hatari | wiki 3 za kwanza | siku 10 majini, kisha wiki ya kwanza udongoni | wiki ya pili baada ya kufika nyumbani |
| Kazi | nyingi mwanzoni | kidogo | saa moja ya kugawa, basi |

Kama unataka mimea mitatu au zaidi, au unataka aina fulani na si nyingine, sia mbegu. Kama unataka mmoja tu na unamjua mtu mwenye mrehani wenye afya, omba tawi. Hakuna njia nyepesi kuliko hiyo. Mche wa dukani unamfaa mwenye haraka, na zaidi unafaa kama shina la kukatia matawi. Ukiununua kwa matumaini kwamba utakaa dirishani hivyohivyo ulivyo kwa miezi, utavunjika moyo, na sababu yake tutaieleza mbele.

Mbegu

Gramu moja ina mbegu 600 hivi, pungufu au zaidi kutegemea aina, kwa hiyo hata pakiti ndogo inazidi mahitaji ya nyumba moja. Zilizobaki zifunge vizuri uziweke mahali pakavu, penye giza na pasipo joto. Huendelea kuota kwa takribani miaka mitano, ingawa kila mwaka zinazoota hupungua.

Kabla ya kusia, weka mbegu moja nyeusi kwenye kisahani na uidondoshee maji. Ndani ya dakika chache huvaa koti la ute wa kijivu unaoelekea samawati, ikafanana na yai la chura lililopunguzwa ukubwa. Ute huo ndio unaoishikia mbegu unyevu, na ndio unaotawala namna ya kuisia. Mbegu za mrehani husiwa zikiwa kavu, maji yakafuata baadaye. Ukiziloweka kwanza, kama wafanyavyo watu kwa mbegu nyingine ngumu, zitakuganda vidoleni na kuanguka chunguchungu mahali pamoja. La pili, zikishalowa zisikauke tena. Ute ukikauka huifunga mbegu kama gundi, na kijichipukizi kilichokuwa kimeanza kuamka ndani hufa bila wewe kujua.

Wengi huona ute wakadhani mbegu ni nzima. Sivyo: ute hutoka kwenye ganda, na mbegu iliyokufa hutoa ute vilevile. Kipimo cha kweli ni kuchukua mbegu 10, kuzipanga juu ya karatasi laini iliyolowa, kuzifunika ndani ya chombo na kuzihesabu baada ya siku 7. Zikiota 8, sia kwa uhakika. Zikiota 5, sia mara mbili ya kawaida. Zikiota 2, tafuta mbegu nyingine, kwa maana hata hizo mbili zitakuwa dhaifu.

Udongo uliochimbwa bustanini ukautia moja kwa moja kwenye trei ni kosa. Hugandamana kadiri unavyomwagilia, na huja na vimelea vyake. Changanya sehemu mbili za kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au mboji iliyochekechwa vizuri na sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe, nyepesi, za mwamba wa volkano) au mchanga safi wa chengachenga. Mbolea usitie sasa. Mche mchanga hula akiba iliyo ndani ya mbegu. Lowesha mchanganyiko kabla ya kusia, kisha ufumbate konzi moja: unatakiwa ushikane bila kuchuruza maji.

Jaza vyungu vidogo au vishimo vya trei vyenye upana wa sentimita 5, weka mbegu tatu katika kila kimoja, nyunyizia mchanganyiko mkavu juu yake kwa unene wa milimita 3 hadi 5, ubonyeze kidogo kwa kiganja, kisha upulizie maji kwa chupa ya kunyunyizia mpaka juu kote pabadilike rangi. Funika kwa kifuniko angavu au mfuko wa plastiki. Ukizika kwa sentimita mbili, nyingi hazitafika juu.

Baada ya hapo, joto ndilo linaloamua. Kwa nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi miche hutokeza kati ya siku ya 5 na ya 10. Kwa nyuzi 15 unaweza kungoja zaidi ya wiki mbili, na mbegu inayokaa muda wote huo kwenye udongo baridi uliolowa huoza. Anayeishi penye baridi atafute mahali penye vuguvugu ndani ya nyumba, kama juu ya jokofu, lakini awahi kuitoa miche siku ile ya kwanza inapochungulia, kwa sababu huko juu hakuna mwanga. Siku hiyohiyo ndiyo ya kuondoa kifuniko.

Majani mawili ya kwanza yana umbo la herufi D, yamepeana migongo. Yakumbuke, maana ndiyo yatakayokusaidia kutofautisha mrehani na magugu ukisia nje. Majani halisi huja baadaye, yamechongoka kidogo na yanang'aa, na ukiyagusa harufu ipo tayari.

Mambo mawili huua miche hapa. La kwanza ni upungufu wa mwanga. Mche ukikosa jua hurefuka, hupauka na kuinamia dirisha. Ukiona shina lililo chini ya majani ya kwanza limezidi sentimita 4, mwanga hautoshi. Mrehani unataka saa 6 au zaidi za jua la moja kwa moja. Dirisha lisilopata jua hilo halitabadilika kwa maombi; tumia taa ya LED iliyoning'inizwa sentimita 10 hadi 20 juu ya miche, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku. Miche iliyokwisha kurefuka haijapotea. Ukiihamisha, zika shina mpaka karibu na majani ya kwanza. Mrehani hutoa mizizi kwenye shina kwa urahisi.

La pili ni kinyausi, nalo ndilo baya zaidi. Jioni umeiacha miche imesimama, asubuhi unaikuta imelala kana kwamba mtu amepitisha uzi na kuikata usawa wa udongo. Ukiutazama mmoja kwa karibu utaona pale shina linapoingia ardhini pamesinyaa, pana rangi ya kahawia na panateleza, ilhali majani juu bado ni ya kijani. Ni vimelea vya udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia, vinavyostawi panapokutana maji mengi, msongamano na hewa iliyotulia. Ulioanguka hausimami tena. Uondoe pamoja na udongo unaouzunguka, uache kumwagilia kwa juu, na upitishe hewa. Feni ndogo ikipuliza kwa mbali inatosha. Tangu hapo nywesha kwa chini: ketisha trei ndani ya maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2 kwa dakika 15, itoe ichuruzike, kisha ungoje mpaka uso wa udongo upauke rangi kabla ya kurudia.

Ukiona vijimbu vidogo vyeusi vikirukaruka juu ya trei, ni kosa lilelile la maji mengi. Funza wao hukaa sentimita chache za juu na kutafuna vijizizi. Acha juu pakauke zaidi na utege karatasi ya njano yenye gundi.

Jozi ya kwanza ya majani halisi ikikunjuka, chagua mche mmoja ulio bora katika kila kishimo na uikate mingine kwa mkasi usawa wa udongo. Usiing'oe, mizizi imekwisha kusokotana na utang'oa yote. Ikifika jozi mbili au tatu, hamishia kila mche kwenye chungu chake chenye upana wa sentimita 15 hadi 20 na matundu chini, au bustanini kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Miche iliyolelewa ndani izoeshwe nje kwa wiki nzima: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, kila siku ukiongeza. Usiku unaoshuka chini ya nyuzi 10 huyafanya majani kuwa meusi, hata kama mchana ulikuwa wa jua kali.

Je, trei ni lazima? Ardhi ikiwa na joto linalozidi nyuzi 18 unaweza kusia mahali pa kudumu, na mmea hautapata mshtuko wa kuhamishwa. Ila mvua moja nzito huigandamiza ardhi juu ya mbegu, na koa hupitia safu nzima kwa usiku mmoja. Kwa mimea isiyozidi kumi, trei inashinda. Kwa tuta zima, sia moja kwa moja na uongeze mbegu za kufidia.

Tawi

Kipandikizi cha mrehani ni miongoni mwa vyepesi kuotesha. Dawa ya kuchochea mizizi haihitajiki. Kinachohitajika ni tawi sahihi: lisilo na ua wala kichwa cha ua, bado laini, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Likate kwa mkasi safi chini kidogo ya kifundo, yaani pale jozi ya majani inapotokea, kwa sababu mizizi hupenda kuchomoza hapo. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, acha manne hadi sita juu. Tia tawi kwenye glasi yenye maji ya kina cha sentimita 5 na uhakikishe hakuna jani linalozama. Jani likizama huoza na kuchafua maji yote.

Weka glasi penye mwanga mzuri lakini pasipo jua la moja kwa moja, kwani tawi lisilo na mizizi haliwezi kurudisha maji linayopoteza. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kufikia siku ya 5 au ya 7 utaona vinundu vyeupe kwenye shina, kama vipele, na kabla ya siku ya 14 vimekuwa mizizi. Kama badala ya vinundu shina limekuwa la kahawia na linateleza, maji yalikaa mno. Kata juu ya sehemu iliyooza, chini ya kifundo kinachofuata, osha glasi kwa sabuni na uanze upya. Mara nyingi tawi hilohilo hupona.

Kosa la wengi ni kuchelewa kuhamisha. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5 inatosha. Ile iliyoota majini ni myembamba na hukatika haraka, na ukiiacha ifike sentimita 10 ikajizungusha ndani ya glasi utaivunja nusu yake wakati wa kupanda. Mizizi hiyo pia haijazoea udongo, kwa hiyo wiki ya kwanza weka udongo ukiwa na unyevu kuliko kawaida na mmea uwe kivulini. Kulegea mchana kwa siku mbili tatu si ajabu. Kulegea hata alfajiri ni dalili kwamba mizizi imekatika au udongo umekauka.

Unaweza pia kuchomeka tawi moja kwa moja kwenye mchanganyiko uleule wa kusia na kulifunika kwa mfuko angavu. Mizizi itakayotoka haitakuwa na jambo la kuzoea baadaye. Hasara ni kwamba huoni kinachoendelea. Kwa tawi moja au mawili, glasi. Kwa kumi, mchanganyiko.

Linalosahaulika ni kwamba tawi hurithi umri wa mama yake. Likitoka kwenye mmea uliozeeka na ulio mbioni kuchanua, nalo litawahi kuchanua, na utakuwa umepata wiki chache tu. Kata matawi mmea ukiwa katika ujana wake.

Kuna mrehani ambao huna budi kuuanza kwa tawi, utake usitake. Ule uitwao African Blue, uliojitokeza Ohio, Marekani, mwaka 1983 kutokana na mrehani wa zambarau kuchavushana na jamii iitwayo Ocimum kilimandscharicum, hautoi mbegu zinazoota. Huchanua bila kukoma, nyuki huufurahia, na hauna uzao. Aina ya Amazel, inayostahimili ubwiri vinyoya (ugonjwa wa majani tutakaoueleza mbele), nayo ni tasa. Ukiona mtu anauza mbegu za mojawapo, mkono wako ubaki mfukoni.

Mche wa dukani

Chukua chungu cha mrehani wa dukani, tenga mashina kwa vidole na uyahesabu. Utakuta kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Huo si mmea mmoja wenye matawi mengi. Ni miche mingi iliyosiwa kwa msongamano ili chungu kionekane kimejaa mapema, ikalelewa kwenye nyumba ya kuoteshea yenye joto, mwanga na maji visivyobadilika. Ukiileta nyumbani mwanga hupungua ghafla, na mashina yote hayo yanagombania konzi moja ya udongo. Yatanyauka ndani ya wiki mbili hata ukimwagilia kwa saa. Hapo watu hujilaumu bure.

Dawa ni kuigawa. Ipumzishe dirishani siku moja au mbili, inyweshe, kisha chomoa bonge zima na uligawe kwa mikono vipande vitatu au vinne, kila kimoja kikiwa na mashina matatu hadi matano. Mizizi itachanika, na miche hiyo michanga huvumilia. Panda kila kipande kwenye chungu cha upana wa sentimita 12 hadi 15, kata theluthi ya juu ili majani yasizidi uwezo wa mizizi iliyobaki, kiweke kivulini siku tatu. Vilele ulivyokata usivile vyote. Vilivyo virefu vitie kwenye glasi. Hivyo chungu kimoja huzaa vipande vinne na matawi matano au sita, na kwa hesabu hiyo ununuzi una maana.

Kabla ya kununua, geuza jani. Upande wa chini ukiwa na unga wa kijivu unaoelekea zambarau, kirudishe. Angalia pia mashina usawa wa udongo. Yakiwa meusi, kuoza kumeshaanza. Chenye vichwa vya maua kiache hata kama ni kikubwa kuliko vyote.

Aina, na njia inayoufaa kila mmoja

Genovese ndio mrehani ambao wengi wanaujua: majani mapana yaliyovimba kidogo, urefu wa sentimita 45 hadi 60, mbegu zinazoota bila shida. Kwa dirisha jembamba mrehani wa Kigiriki unafaa zaidi. Majani yake ni madogo, hujikusanya kama mpira na haupiti sana sentimita 30. Kuuotesha kwa tawi ni kazi ya kuchosha kwa sababu vijitawi ni vyembamba, basi tumia mbegu. Mrehani wa Kithai, wenye shina la zambarau na harufu inayokaribia anisi, hustahimili joto vizuri na matawi yake huota mizizi haraka. Wa limau huwahi kuchanua kuliko wote, kwa hiyo usia kidogokidogo mara nyingi. Aina za zambarau kama Dark Opal hukua taratibu, na katika trei moja utaona baadhi ya miche ikitoka ya kijani au ya madoa. Ukishapata mmoja wenye rangi uliyoitaka, uendeleze kwa matawi. Hapo tawi linaishinda mbegu waziwazi.

Magonjwa husafiri kwa njia gani

Kuna magonjwa mawili yanayoweza kugeuza uamuzi wako.

Ubwiri vinyoya, unaoletwa na Peronospora belbahrii, uliripotiwa Italia mwaka 2003 na kufika Marekani mwaka 2007, na kuenea kwake kumehusishwa na biashara ya mbegu. Jani hugeuka njano kwa vipande vinavyoishia kwenye mishipa, kana kwamba mtu amepaka rangi bila kuvuka mistari, na watu wengi hudhani ni njaa ya mbolea. Upande wa chini ndio unaosema ukweli: una unga wa kijivu. Mche wa dukani huweza kuja nao, tawi huweza kuja nao, na mbegu pia. Tofauti ni kwamba mwenye mbegu anaweza kuchagua aina zilizotengenezwa kuustahimili, kama Prospera, au Devotion na Obsession kutoka Chuo Kikuu cha Rutgers. Kwa walio na unyevu mwingi hewani, hiyo peke yake inatosha kuamua. Wengine wamwagilie asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani, na waache nafasi hewa ipite.

Mnyauko fuzari hukaa ndani ya mirija ya shina. Mmea hulegea upande mmoja, kilele hupinda, na ukilipasua shina unaona michirizi ya kahawia. Tawi lililokatwa kwenye mmea kama huo hubeba ugonjwa hadi kwenye glasi yako, hata kama lenyewe linaonekana zima. Udongo wake usiurudie kwa mrehani. Nufar ni aina inayojulikana kwa kuuvumilia, nayo hupatikana kwa mbegu.

Yanayofuata, njia yoyote uliyochagua

Mmea ukifika sentimita 15 na jozi tatu au nne za majani, kata kilele juu ya jozi ya pili. Ukitazama makwapa ya majani ya jozi hiyo utaona vichipukizi viwili vidogo vikingoja, kimoja kila kwapa. Kilele kikiondoka, navyo hushika zamu, na shina moja huwa mawili. Rudia kila matawi mapya yanapokuwa na jozi mbili au tatu. Usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja.

Wanaoanza hufanya kinyume: huchuma majani makubwa ya chini na kuhurumia kilele. Majani hayo makubwa ndiyo yanayoulisha mmea. Baada ya mwezi hubaki na fimbo ndefu iliyo uchi yenye kishada kidogo juu, na kishada hicho huchanua.

Mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki tatu au nne, inatosha kwa mmea wa chunguni. Ukizidisha utapata majani makubwa yenye harufu hafifu. Kichwa cha ua kikitokeza, kikate pamoja na jozi ya majani iliyo chini yake.

Anayetaka majani bila kukatika azipange njia zote pamoja: asie mbegu sita hadi nane kila baada ya wiki tano au sita, akate matawi mawili kutoka kwenye mmea wake bora kabla haujafikiria kuchanua, na mche wa dukani aukimbilie tu pale miche ya trei inapoliwa na kinyausi.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe, acha mmea mmoja uchanue. Maua hupangika kwa duara la sita sita kwenye mshale, na kila ua huweza kutoa mbegu nne. Ngoja mpaka theluthi mbili za chini za mshale ziwe kahawia, kata, acha ndani ya mfuko wa karatasi wiki mbili, kisha fikicha na upepete. Aina za mseto wa F1 (yaani uzao wa kwanza wa kuchanganya aina mbili) hazitarudia sifa za mama yake. Na kama Genovese yako ilichanua karibu na mrehani wa zambarau au wa limau, nyuki wamekwisha kuzichanganya. Acha aina moja tu ichanue kwa wakati mmoja, ama sivyo utasia kijani na kuota madoadoa.